Godadi Iliyoishia Magotini

Kila mwisho wa mwezi nafunga cherehani mapema, najitanda mtandio, nashuka kwa wakala. Si mbali, ni hapo tu chini ya soko la Lushoto, lakini siku hiyo magoti yangu hunipa habari nyingine. Binti wa kaunta ananijua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Ya India?"

"Ya India."

Anaandika jina la mpokeaji bila kuniuliza, maana miaka yote lilikuwa hilohilo, la mdogo wangu wa kiume. Kisha kompyuta yake inamlazimisha aulize uhusiano wangu na mpokeaji, naye anauliza huku kidole kishaandika jibu. Ndugu. Nampa pesa, ananipa karatasi, napanda kilima tena huku najiuliza wateja gani wamekuja wakakuta mlango umefungwa.

Pesa hizo hazikuwa za mdogo wangu. Zilikuwa za mama, za unga na za dawa yake ya presha. Lakini mama yangu hali cha binti, na hapo ndipo uchovu wangu wote ulipoanzia.

Kwetu Gujarat, angalau kwa ukoo wetu na kwa watu wa umri wa mama, binti akishaolewa ameolewa. Wazazi wanampa, hawachukui kwake. Nimewaona wazee waliokwenda kumtembelea binti yao kijiji cha jirani wakashinda na njaa, na kiu ikiwazidi wakanywa maji, kabla ya kuondoka wakaacha sarafu kando ya bilauri. Mama ni wa hao. Niliporudi nyumbani kwa mara ya kwanza baada ya kuolewa huku, nilibeba majani ya chai ya milimani, nikampikia kwa mikono yangu. Aliinusa, akaisifu rangi yake, akawaita majirani wakainywa yote. Yeye akanywa maji ya mtungi wake. Nilinuna siku nzima.

"Mama, chai tu jamani?"

"Huanza na chai," akasema.

Baba alipofariki, mama alibaki peke yake kijijini. Mdogo wangu yuko mjini na mke na watoto, anauza simu katika kijiduka ambacho kila nikiuliza kinaendeleaje naambiwa mwakani kitakaa sawa. Hakuwa na uwezo wa kumlisha mama. Mimi nilikuwa nao, kidogo, wa sindano na uzi. Basi siku moja mdogo wangu akanipigia na mpango wake. "Dada, wewe tuma kwangu. Mimi nitampelekea mama, nitamwambia ni zangu. Atakula, hatajua." Nikaona kijana ana akili. Nilimshukuru kweli, hadi nikalia.

Sikujua kitakachofuata. Kilichofuata ni sifa. Nikimpigia mama, hata salamu hazijaisha ananianzia: "Mdogo wako, Mungu amzidishie! Kaniletea ya dawa, kaniletea ya unga, na amebakiza ya samli. Mtoto wa kiume ni mtoto wa kiume, mwanangu, usidanganywe." Nami huku nasema ndiyo mama, tumshukuru Mungu. Nikikata simu narudi kwenye cherehani na hasira zangu. Kuna joho moja la mwanakwaya nilishona mkono wake ndani nje kwa ajili ya samli ile.

Mume wangu, aliyenileta huku na ambaye ana kibanda cha vipuri vya pikipiki, alikuwa akicheka. "Huyo shemeji yangu iko siku atajengewa sanamu," anasema, "na mchango wa sanamu watakuomba wewe." Si mtu mbaya. Hajawahi kuniuliza kwa nini natuma, ananiuliza tu kama tumebakiza ya kodi.

Mwenye kunisikia atadhani tuna duka la dhahabu. Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, nashona kanzu na hijabu za madrasa, na zaidi ya yote nashona nguo za kwaya. Kwaya za Kilutheri huku milimani haziimbi Pasaka na nguo za Krismasi, na kila kwaya inataka rangi ambayo kwaya ya jirani haina. Ninaye mwenzangu mmoja, mama wa Kishambaa aliyenizidi umri, ananifanyia matundu ya vifungo kwa mkono. Ndiye aliyenifundisha Kiswahili, ndiyo maana watu wa Tanga wakinisikia wanasema Muhindi huyu anaongea kama mtu wa Shume, huku milimani. Namwamkia shikamoo kila asubuhi, na asubuhi nikisahau ananiuliza kama nimelala vibaya.

Wateja wanakuja kupunguziwa bei. "Punguza bwana, mama, wewe Muhindi utakosa nini?" Huku naonekana tajiri kwa kuwa ni Muhindi. Kule kwetu naonekana tajiri kwa kuwa niko Afrika. Tajiri mwenyewe sijui yuko wapi, ningemfuata anikopeshe.

Sasa niseme habari ya godadi, maana bila hiyo nisingejua lolote hadi leo.

Godadi ni blanketi la viraka. Wanawake wa kwetu wanakata sari kuukuu, mashati yaliyochanika kola, hata mapazia, wanaunganisha viraka hivyo kuwa mkanda mpana kama kitanda, kisha mkanda chini ya mkanda hadi wapate urefu wa mtu. Ndani wanatandaza matambara, wanashonea juu kwa mkono, mishono midogomidogo. Mama hajawahi kufika Lushoto. Lakini mwaka wangu wa kwanza nilimwambia kwamba huku mwezi wa sita mtu akiongea anatoa moshi kinywani, na tangu siku ile amekuwa akinihurumia kwa baridi. Kila mwaka ananishonea godadi moja. Kutoa yeye anaruhusiwa, kupokea ndiko haramu.

Ndugu wa ukoo wetu mwenye duka Tanga huenda nyumbani kila mwaka msimu wa harusi. Akirudi mwezi wa tano mwishoni anapakia mzigo wangu kwenye basi, nami nashuka hadi Mombo kuupokea. Mombo kuna joto la kukausha mate, nami nasimama pale barabarani nimekumbatia blanketi zito. Wauza vitunguu wananijua. "Mama wee, baridi imekushika?" Wanacheka, nami nacheka nao, napanda gari kurudi juu.

Kwa kawaida mama hushona mkanda mmoja kila mwezi. Aliwahi kuniambia mwenyewe kwenye simu. "Mdogo wako akileta hela, siku hiyohiyo nakata mkanda wako. Mtu akishiba mkono unakuwa mwepesi." Nilichosikia mimi katika maneno yale ni mdogo wako tu, sifa zilezile zimezungukia mlango mwingine. Sikusikia kingine.

Mwaka huu mzigo ulikuwa mwepesi. Niliupokea Mombo nikajua kwa mikono kabla ya macho, ila nilikuwa na majoho ya kwaya mbili yananisubiri na kichwa kinaniuma, nikausokomeza kwenye mfuko nikapanda nao. Nyumbani nikaitandika godadi. Nikajilaza kuijaribu, maana ukungu ulikuwa umeshashuka na mvua ile ya manyunyu imeanza. Nikaivuta hadi kidevuni. Ikaishia magotini.

"Hee! Huyu mama ananipima kwa mtoto gani?" nikasema. Mume wangu akaja akajilaza yeye, akatoa nyayo zake mbili akazichezesha, tukacheka. Halafu nikaudhika. Sifichi, niliudhika. Nikawaza, mwana anayepewa sifa ana kila kitu, na mimi hata blanketi nakatiwa.

Nikampigia.

"Mama, godadi imefika. Mbona fupi?"

"Macho, mwanangu. Macho hayaoni tena. Na uzi nao umepanda."

Sauti yake ilikuwa nyembamba. Nikamuuliza kama amekula, akasema amekula. Nikamuuliza amekula nini, akasema mtandao unakatika, mbona mimi nilikuwa namsikia vizuri tu. Hakumtaja mdogo wangu hata mara moja. Niliposhusha simu ndipo nilipoanza kuona kitu hakiko sawa, maana kwa miaka mingi nilikuwa sijakata simu ya mama bila kusikia habari za mtoto wa kiume.

Kesho yake nikaipeleka godadi kazini, nikaitandaza juu ya meza ya kukatia. Macho yangu hayako vizuri, lakini mshono nauona. Mkanda wa juu kabisa ulikuwa na mishono midogo ya mama, iliyonyooka. Nikatazama mkanda wa mwisho. Ilikuwa ileile, midogo, iliyonyooka vilevile. Mtu ambaye macho yamemwisha hashoni hivyo. Na pindo la chini lilikuwa limekunjwa na kufungwa kwa utulivu, kazi ya mtu aliyemaliza na anajua amemaliza. Haikukatizwa na safari wala haikukosa uzi. Ilikuwa imepungukiwa mikanda, basi. Na mikanda yenyewe mama alishaniambia huikata lini: siku hela ikifika.

Nilikaa kwenye kiti. Mwenzangu wa vifungo akaniuliza kama ni presha.

"Hapana," nikamwambia. "Ni mdogo wangu."

Nikampigia nikiwa nimesimama palepale kwenye meza. Alianza kwa kunipa habari za watoto. Nikamwambia unisalimie watoto, hela za mama ziko wapi? Akasema anampelekea. Nikamwambia nimeshika godadi mkononi, usinidanganye. Hapo ukweli ukatoka.

"Biashara iliyumba, dada. Nilikopa kidogo tu kwenye zile. Nilijua nitarudisha kabla hajaona."

"Kuanzia lini?"

"Januari."

"Januari!"

"Yeye mwenyewe hakuniuliza, dada. Aliniuliza mara moja tu kama mimi mzima. Nikadhani anazo."

Sitaandika nilichomwambia. Nilikisema Kigujarati, na Kigujarati changu cha matusi nilikuwa sijakitumia tangu niolewe, kumbe kilikuwa kizima tu. Walikuwepo wanakwaya waliokuja kupima. Mwenzangu akawatoa nje taratibu akiwaambia kupima ni kesho, akafunga mlango nusu. Nilipomaliza akanishika mkono.

"Mweee," akasema. "Huyo bwana ana bahati yuko ng'ambo."

Nikalia basi. Niliwaza miezi yote ile nilivyokuwa nakwenda kwa wakala na magoti yangu, natoa pesa, narudi na karatasi, nalala nikijua mama amekula. Na mama kule hana kitu, na hawezi kuuliza. Angeuliza nini? Kuniomba mimi, ni kula cha binti. Kumuuliza mwanawe, ni kumwaibisha. Basi amekaa kimya na njaa yake, akifunga pindo.

Sikusubiri mwisho wa mwezi. Nilikopa kwa mume wangu, akazitoa kwenye hela ya vipuri bila kufanya mzaha wowote, nikashuka kwa wakala.

"Ya India?" binti akauliza, kidole kishaanza kuandika.

"Leo jina lingine." Nikamtajia, akaliandika herufi kwa herufi.

"Uhusiano?"

"Mama."

Akaacha kuandika, akanitazama. "Kumbe mama yako bado yupo?"

"Yupo," nikasema. Miaka yote ile hakuwa na jinsi ya kujua.

Nikampigia mama nikamwambia kuna hela kwa wakala pale gulioni kwao, jina lake, aende na kitambulisho. Akauliza za nani. Nikasema zangu. Akasema asante mwanangu, ila siwezi, mdogo wako ataleta. Nikasema mdogo wangu haleti. Akasema ana mambo mengi, maskini, ataleta. Siku ya pili nikapiga, hajaenda. Kuna jua. Siku nyingine miguu. Siku nyingine wakala amefunga, mama asiyewahi kusema uongo katika maisha yake isipokuwa kwa ajili ya njaa yake mwenyewe. Binti wa kaunta akaniambia pesa bado zimelala, zikikaa sana zitarudi. Nilikuwa nashona joho huku simu imebanwa begani, na kwa kweli nilichoka. Nilichoka na mdogo wangu, na desturi, na mimi mwenyewe ninayebembeleza mtu ale. Ile siku ya mwisho ilikuwa mchana, mvua inanyesha, mwenzangu kaenda kuswali, niko peke yangu.

"Mama, dawa unameza?"

"Nameza nusu nusu. Nusu inatosha."

"Nenda kachukue hela, mama."

"Siwezi kula cha binti. Unajua."

"Umekula!" Nilipiga kelele hadi nikajiogopa. "Umekula miaka yote, mama! Unadhani zilikuwa za nani? Zile za samli, zile za dawa, yule mtoto wako wa kiume hajawahi kukupa hata ya kibiriti! Ni mimi! Ni mimi nashona huku!"

Nikatamani kuyarudisha yale maneno. Nilisikia jogoo wa kwao akiwika, nikasikia mama anavuta pumzi, nikajua nimemvua nguo mama yangu.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Najua ni zako. Tangu ya kwanza. Mdogo wako namfahamu, nimemzaa mimi. Alikuja siku ile na noti mkononi, hata hakuweza kunitazama."

Nikautoa mguu kwenye pedali ya cherehani.

"Sasa kama ulijua, mama, desturi ilikuwa ya nini? Zile sifa zote?"

"Ningemsifu nani, wewe? Ungeacha kutuma kupitia kwake, na mimi nisingeweza kupokea kwako." Akakohoa kidogo. "Lakini sikula bure, mwanangu. Usije ukadhani nilikula bure. Kila ulipotuma nilikata mkanda. Zile godadi nilikuwa nakulipa."

Niliitazama pale mezani. Nilikuwa nimeiacha imetandazwa wiki nzima, juu yake pana mkasi na vipande vya kitambaa cha kwaya.

"Na hii ya mwaka huu?"

"Nilishona kadiri nilivyokula," mama akasema.

Salio lilikuwa linakwenda. Kitu pekee kilichonijia kichwani ni kazi, kwa hiyo nikaongea kazi.

"Mama, hii godadi siwezi kuitumia. Miguu inabaki nje, na huku ni mwezi wa sita. Nishonee mikanda iliyobaki, nitaiunga mwenyewe."

Sasa akauliza kama fundi.

"Inabaki nje kiasi gani?"

Nikatoa futi kamba shingoni. Nikajipima kuanzia gotini hadi kwenye vidole, nikamtajia. Akairudia ile namba kwa sauti, polepole, kama mimi ninavyorudia vipimo vya mteja ili nisisahau.

"Ni mikanda mingi," akasema. "Kama ni hivyo nitakwenda kesho kuchukua hiyo hela. Jirani atanisindikiza."

"Nenda mama. Na dawa umeze nzima."

"Nitameza nzima." Kisha, nilipokuwa nataka kuaga, akaniita. "Sikiliza. Mdogo wako usimwambie kwamba nilijua. Ataona aibu, maskini."

Nikafumba macho. Nje wanakwaya walikuwa wameanza kugonga mlango, wamekuja kupima.

"Sawa mama," nikamwambia. "Sitamwambia."